Jioni sita za kuuliza "imeandikwa wapi?": tathmini ya darasa moja la Chumbageni, Tanga

Kwa wiki sita mfululizo, kila Alhamisi kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa moja na nusu usiku, nilihudhuria darasa la kulipia linalofanyika katika ukumbi mdogo wa Chumbageni hapa Tanga. Kazi ya darasa hilo ni moja: kila jioni huchukuliwa fundisho la Kikristo, likaulizwa limetoka wapi katika Biblia, na kama halikutoka humo moja kwa moja, lilipita njia gani hadi likafika kwenye katekisimu, kwenye mimbari na kwenye sala za watu. Ada ni shilingi 30,000 kwa jioni zote sita, ikijumuisha kijitabu cha fotokopi na kahawa ya mapumziko. Waandaaji ni waumini wa madhehebu tofauti ambao hawakutaka shughuli yao ifungwe kwenye jina la kanisa lolote, nami nitawaacha vivyo hivyo bila jina.

Ni haki msomaji ajue mapema ninatazama kutoka upande gani. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na nimelelewa katika Uanglikana wa Magila, ule wenye ubani na kengele, ambao Walutheri wa milimani hutuambia kwa utani kuwa ni Ukatoliki uliosahau njia ya kwenda Roma. Kwa hiyo nilikwenda na mizigo yangu, kama kila aliyeketi ukumbini.

Watu wa Tanga tumezoea namna mbili za kuyajadili mambo haya. Ya kwanza ni mihadhara ya viwanjani, ambako mwenye kumbukumbu kali ya aya na kipaza sauti kikubwa ndiye huonekana mshindi. Ya pili ni mafundisho ya ndani ya kanisa, ambako jibu hutangulia swali na anayeuliza mara mbili huanza kuombewa. Darasa hili linadai kuwa namna ya tatu, na kwa sehemu kubwa linatimiza dai hilo kwa sababu ya ubao wake. Mwezeshaji, ambaye ni mwalimu mstaafu wa theolojia, huugawa ubao katika safu nne: aya, muktadha, shahidi wa kwanza, na uamuzi. Yeyote anayesema "hili ni la Biblia" hutakiwa kutaja aya. Akishaitaja, wote husoma aya kumi kabla yake na kumi baada yake. Kisha huulizwa nani wa kwanza nje ya Biblia kuonekana akiifahamu hivyo. Na mwisho huandikwa mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, au mamlaka iliyoifanya imani hiyo kuwa ya lazima, pamoja na mwaka wake. Katika jioni sita sikuona mtu hata mmoja ambaye fundisho alipendalo lilijaza safu zote nne bila kumtoa jasho.

Jioni ya Utatu Mtakatifu ilikuwa bora kuliko zote, na ingetosha kuuza darasa zima. Mwezeshaji alianza kwa kukiri kwamba neno Utatu halimo katika Biblia. Mzee mmoja Mwislamu, jirani wa ukumbi aliyelipa ada yake kama sisi na kuketi safu ya mbele, akanyosha mkono: "Samahani mwalimu, kama neno lenyewe halimo, nyinyi mlilipata kwa nani?" Wapo waliotikisa vichwa kwa kuudhika. Mwezeshaji alimshukuru mzee wetu na kuanza kujaza ubao. Katika safu ya aya aliweka Mathayo 28:19, 2 Wakorintho 13:14 na mwanzo wa Injili ya Yohana. Katika safu ya shahidi akaandika Teofilo wa Antiokia, ambaye yapata mwaka 180 alilitumia neno la Kigiriki lenye maana ya utatu, kisha Tertuliano wa Karthago aliyelipa neno hilo sura yake ya Kilatini. Na katika safu ya uamuzi akaandika Nikea 325 na Konstantinopoli 381. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitarajia kutoka kwa mtu anayeungama imani hiyo kila Jumapili: aliandika upande wa pili aya za Ario, aliyefundisha kwamba Mwana aliumbwa na hayuko sawa na Baba.

Wengi wetu tulikuwa tumefundishwa kwamba Ario, padri wa Aleksandria, alikuwa mzushi aliyeleta falsafa kanisani. Ubao ulituonyesha mtu wa aya. Alikuwa na Yohana 14:28, ambapo Yesu anasema Baba ni mkuu kuliko yeye, na alikuwa na Mithali 8:22, ambapo Hekima inazungumza. Biblia ya Union inasema pale, "BWANA alikuwa nami katika mwanzo wa njia yake". Lakini tafsiri ya kale ya Kigiriki iliyosomwa na pande zote mbili za ugomvi ule ilisema Bwana "aliniumba". Ukiwa na neno hilo mkononi, na ukikubali kama walivyokubali wote kwamba Hekima ni Kristo, hoja ya Ario si ya mtoto. Zaidi ya hayo, neno ambalo maaskofu wa Nikea walilichagua kumfunga nalo, homousio, ndilo ambalo halikuwamo katika Maandiko, na baadhi ya maaskofu walilionea shaka kwa sababu hiyohiyo. Sisi tumelipokea kwa Kiswahili katika Kanuni ya Imani ambapo tunasema Mwana ni "mwenye umungu mmoja na Baba". Kwa hiyo waliotetea lile lililokuja kuwa fundisho sahihi walilazimika kutumia neno la nje ya Biblia ili kulinda kile walichoamini kuwa ndiyo maana ya Biblia, na aliyeshindwa ndiye angeweza kulalamika kwamba neno halimo. Mwaka 2025, mtaguso huo ulipotimiza miaka 1700, nilisikia mahubiri kadhaa juu yake, na hakuna hata moja lililonieleza jambo hili.

Kijana mmoja akataja 1 Yohana 5:7, mahali panapotajwa Baba, na Neno, na Roho Mtakatifu kuwa ni umoja, akaona amemaliza kesi. Mwezeshaji alimwambia kwa upole kwamba maneno hayo hayamo katika nakala za kale za Kigiriki, kwamba Erasmus aliyaacha katika matoleo yake ya mwaka 1516 na 1519 na kuyaingiza mwaka 1522 baada ya kuletewa nakala moja ya Kigiriki iliyokuwa nayo, na kwamba tafsiri nyingi za karibuni huyaacha. Kumwona mtu akiiondoa mezani aya inayoonekana kuwa na nguvu kuliko zote kwa upande wake mwenyewe kulinifanya nimwamini kwa yaliyobaki.

Hapo ndipo nami nilipochangia, na naomba niruhusiwe kulieleza kwa kirefu kwa kuwa ni la fani yangu. Tunasema "Mungu mmoja, nafsi tatu", na neno nafsi huwasumbua watu kwa sababu katika mazungumzo ya kawaida nafsi ni roho ya mtu au mtu mwenyewe, hivyo nafsi tatu husikika kama watu watatu. Lakini darasani kwangu nafsi ni jambo jingine: nafsi ya kwanza ni mimi, ya pili ni wewe, ya tatu ni yeye. Kumbe Tertuliano, alipokuwa akibishana mwanzoni mwa karne ya 3 na Prakseas, aliyefundisha kwamba Baba na Mwana ni yuleyule, aliifuata njia hiyohiyo ya sarufi. Alichukua mahali kama Zaburi 110, "Neno la BWANA kwa Bwana wangu, Uketi mkono wangu wa kuume", akauliza: ni nani anayesema, anasema na nani, na anayesimulia ni nani? Mahali palipo na mimi, wewe na yeye, alisema, pana zaidi ya msemaji mmoja. Unaweza kuikataa hoja hiyo, na mzee wetu wa safu ya mbele aliikataa kwa adabu zote, lakini angalau unaona kwamba fundisho lilianzia kwenye namna ya kusoma mazungumzo yaliyomo katika zaburi, muda mrefu kabla mfalme yeyote hajaitisha kikao. Kijitabu hakina neno hata moja kuhusu hili, nami niliwaomba waandaaji waliongeze.

Nikiwa kwenye kijitabu: kimechapwa kwa haraka, herufi za kurasa za katikati zimefifia hadi zinasomeka kwa kukisia, na ukurasa wa 11 ulikuwa na kosa kubwa, lile linalopendwa sana mitaani, kwamba vitabu vya Biblia vilichaguliwa Nikea. Mtaguso wa Nikea haukushughulika na orodha ya vitabu. Orodha ya kwanza tuliyo nayo yenye vitabu 27 vya Agano Jipya tunavyovisoma leo, bila kimoja kuzidi wala kupungua, imo katika barua ya Pasaka ya Atanasi wa Aleksandria ya mwaka 367. Nililalamika wakati wa mapumziko, na Alhamisi iliyofuata tulikuta kikaratasi cha masahihisho juu ya kila kiti. Kwa huduma ya shilingi 30,000 hilo ni jambo la kusifiwa. Nimewahi kulipa zaidi ya hapo kwa semina ambayo makosa yake yalitetewa kwa maombi.

Suala la orodha ya vitabu lilitufuata hadi jioni ya pili, ya toharani, yaani kutakaswa kwa marehemu kabla ya kuingia mbinguni, na hapo darasa lilikwama kwa sababu ambayo waandaaji wangeweza kuiona kabla. Aya kuu ya Wakatoliki ni 2 Makabayo 12, ambapo Yuda Makabayo anakusanya fedha na kuzipeleka Yerusalemu ili sadaka itolewe kwa ajili ya askari waliokufa. Nusu ya ukumbi ilifungua na kusoma. Nusu nyingine ilikuwa na Biblia ya Union isiyo na kitabu hicho, ikabaki inatazama. Mama mmoja wa Kikatoliki akasema kwamba Waprotestanti walikitoa. Mlutheri mmoja akajibu kwamba Wakatoliki walikiongeza. Na kwa dakika ishirini nzima hatukuzungumza juu ya toharani hata kidogo. Jibu la kihistoria lilikuja baadaye, nalo halikumpendelea yeyote: vitabu hivyo vilikuwamo katika Biblia ya Kigiriki iliyotumiwa na kanisa la mwanzo, Jerome aliyetafsiri kwa Kilatini aliviwekea alama ya kuuliza, Martin Luther katika Biblia yake kamili ya mwaka 1534 aliviweka kando kati ya Maagano mawili, na Mtaguso wa Trento ukavithibitisha kwa amri mwaka 1546. Sisi Waanglikana, kama kawaida yetu, tumeketi juu ya uzio: kanuni zetu zinaruhusu visomwe kwa mfano wa maisha mema, lakini visitumiwe kuthibitisha fundisho. Darasa lingenunua nakala tano tu za Habari Njema yenye vitabu hivyo na kuziweka mezani, dakika ishirini zile zingeokolewa.

Kilichobaki kilikuwa kizuri. Ilisomwa 1 Wakorintho 3:15, kuhusu mtu atakayeokolewa "kama kwa moto", na ilipofika zamu ya kusoma aya zinazotangulia ikaonekana kwamba Paulo anazungumzia kazi ya wajenzi wa kanisa la Korintho, na kwamba kuitoa pale hadi kwenye hali ya kila marehemu ni safari inayohitaji nauli. Kisha ikaja safu ya shahidi wa kwanza, na akatokea Tertuliano tena. Mwanzoni mwa karne ya 3 anataja sadaka zinazotolewa kwa ajili ya marehemu kila mwaka siku yao inaporudi, na anakiri waziwazi kwamba ukidai andiko kwa desturi kama hizo hutalipata. Mapokeo ndiyo yaliyozianzisha. Hapo Mlutheri alitabasamu na mama yule akatabasamu pia, kila mmoja akiamini ameshinda: mmoja kwa sababu andiko halipo, mwingine kwa sababu desturi ni ya kale kiasi hicho. Mitaguso ya Lyon ya mwaka 1274 na Firenze ya 1439 ilikuja kuandika juu ya jambo ambalo watu walikuwa wakilisali karne nyingi. Neno letu wenyewe, toharani, limejengwa kwenye tohara, usafi, na Kilatini kilifanya vivyo hivyo kwa neno lake. Sijui kama aliyelitunga alijua jinsi neno hilo lingeliweka fundisho la Roma karibu na masikio ya Mwislamu wa Pwani.

Ubatizo ulipita vizuri zaidi ya nilivyodhani. Tanga ina bahari, na ubatizo wa maji mengi kule ufukweni ni jambo ambalo kila mtu ameliona, kwa hiyo swali la watoto wachanga na maji ya kumwagiwa lilikuwa na joto tayari. Darasa lilitumia Didake, mwongozo mdogo wa kanisa la mwanzo ambao nakala yake ilipatikana Konstantinopoli mwaka 1873, na unaoelekeza batiza katika maji yanayotiririka. Kama hayapo, maji mengine. Kama huwezi ya baridi, ya moto. Na kama hakuna ya kutosha, mimina kichwani mara tatu. Mchungaji mmoja wa Kipentekoste aliomba aisome mwenyewe, akaisoma mara mbili, akasema kwamba atakwenda kuifikiria. Kuhusu watoto, ubao uliweka nyumba ya Lidia na nyumba ya mlinzi wa gereza katika Matendo 16, ambako watoto hawatajwi wala hawakatazwi. Kisha Tertuliano anayeshauri watoto wacheleweshwe, jambo linaloonyesha kwamba tayari kuna waliokuwa wakibatizwa. Kisha Sipriani wa Karthago na maaskofu wenzake, yapata mwaka 253, wanaosema hakuna haja hata ya kungoja siku ya nane.

Hapa nina lalamiko ambalo nililisema ukumbini na nalirudia. Karthago iko Afrika. Aleksandria iko Afrika. Tertuliano, Sipriani, Ario, Atanasi, na baadaye Agostino wa Hippo, wote walifanya kazi zao katika bara hili, upande wake wa kaskazini, na bado kijitabu kinawaweka chini ya kichwa "Kanisa la Magharibi" na "Kanisa la Mashariki" bila kusema neno. Mwanafunzi wa Tanga anayefunga kijitabu hicho ataamini kwamba mafundisho yote yalibuniwa Ulaya na kuletwa kwa meli.

Jioni ya Sabato ilikuwa fupi na kali. Vijana wawili Wasabato walikuja wamejiandaa kuliko mtu mwingine yeyote, wakiwa na Kutoka 20 na Luka 4:16, na walikuwa na haki kabisa kwamba hakuna aya inayosema siku imehamishwa. Dai lao kwamba Konstantino, mfalme wa Roma, ndiye aliyeibadili halikusimama sawasawa. Sheria yake ya mwaka 321 iliwaamuru mahakimu na mafundi wa mijini kupumzika siku ya Jua, na wakulima ikawaruhusu waendelee na mashamba; lakini Yustino, mwandishi Mkristo, akiandika Roma yapata mwaka 155, alikwisha kueleza Wakristo wakikusanyika siku hiyo kwa masomo, sala, mkate na divai. Kukusanyika Jumapili ni kwa kale sana. Kuifanya Jumapili iwe Sabato, yenye mapumziko ya amri, ni kwa baadaye. Vijana hao waliukubali mpaka huo wakasema ndio hasa walioukusudia, jambo ambalo sikuliamini sana, lakini lilisemwa kwa heshima.

Katikati ya mjadala huo ikaja adhana ya magharibi kutoka msikiti wa jirani. Kila Alhamisi ilikuwa hivyo: mwezeshaji hunyamaza, mzee wetu hutoka kwenda kuswali, kahawa na kashata hupitishwa, na darasa huanza tena mzee akisharudi. Sijui kama utaratibu huo ulipangwa au ulizuka wenyewe. Kahawa ni ya tangawizi na ni ya kweli. Viti ni vya plastiki, na saa mbili na nusu juu yake ni adhabu ambayo ada haikuitaja.

Jioni ya tano ilihusu Maria, na niliihofia, kwa sababu mada hiyo hugeuka haraka kuwa matusi ya kuwatukania watu mama yao. Mwezeshaji alitenganisha vizuri mambo yanayochanganywa. Jina "Mama wa Mungu", lililothibitishwa Efeso mwaka 431, lilikuwa mjadala juu ya nani aliyezaliwa, yaani juu ya Kristo; Kukingiwa dhambi ya asili kulitangazwa na Papa Pius IX mwaka 1854, na Kupalizwa mbinguni na Papa Pius XII mwaka 1950. Mama yule wa Kikatoliki hakuyumbishwa na ukaribu wa tarehe hizo. "Babu yangu alikuwa akisherehekea Agosti 15 kabla ya huo mwaka 1950 mnaoutaja," alisema, akiitaja sikukuu ya Kupalizwa, na alikuwa amesema jambo la maana kuhusu tofauti ya tarehe ya amri na tarehe ya imani.

Lililonifurahisha zaidi ni Luka 1:28. Biblia ya Union inasema, "Salamu, uliyepewa neema". Sala ya Kikatoliki inasema, "umejaa neema". Watu walianza kuzozana ni ipi iliyo sahihi, na mwezeshaji akaeleza kwamba neno la Kigiriki ni kitenzi cha hali ya kutendwa, chenye kuonyesha tendo lililokwisha kufanyika na ambalo matokeo yake bado yapo, na kwamba Kilatini kilikitafsiri kwa maneno yenye maana ya kujaa neema. Nilisimama kwa mara ya pili. Tazameni, nikasema, Kiswahili kimegawana kazi: "uliyepewa" ina -w- ya kutendwa, inayotuambia kwamba yupo mtoaji, lakini -li- yake inalifunga tendo katika wakati uliopita, "umejaa" imempoteza mtoaji, lakini -me- yake imelinda hali inayoendelea. Kila upande umeshika nusu ya neno. Kama aya hiyo inatosha kubeba fundisho la mwaka 1854 ni swali jingine, na kwa maoni yangu haitoshi peke yake. Hata hivyo mtu anayecheka sala ya mwenzake kwa hoja ya "Biblia haisemi hivyo" anapaswa kwanza kujifunza viambishi.

Na sasa jioni ya sita, ambayo ndiyo sababu siwezi kulisifu darasa hili bila masharti. Zaka na unyakuo viliwekwa pamoja katika jioni moja. Umeme ulikatika kwa nusu saa, hotuba za shukrani zikachukua nusu saa nyingine, na mada mbili zinazogusa mifuko na hofu za watu wa kawaida kuliko homousio zikabanwa katika dakika zilizosalia. Unyakuo ulipata kama dakika ishirini: 1 Wathesalonike 4:17, "tutanyakuliwa pamoja nao katika mawingu", ikasomwa, ikasemwa kwamba mpango wa kanisa kuondolewa kwa siri kabla ya dhiki ulienezwa na mhubiri John Nelson Darby kuanzia miaka ya 1830, na ukasambazwa zaidi na Biblia yenye maelezo ya Scofield ya mwaka 1909, na basi. Mtu aliyekua akiambiwa kila mkesha kwamba anaweza kuamka asubuhi akute nyumba tupu alistahili zaidi ya dakika ishirini.

Zaka ilitendewa vibaya zaidi. "Leteni zaka kamili ghalani" ya Malaki 3:10 kila mtu anaijua kwa moyo, hata wasioijua aya nyingine yoyote ya Malaki. Ila Hesabu 18 inaeleza kwamba fungu la kumi lilikuwa la Walawi kwa sababu hawakuwa na urithi wa ardhi, na Kumbukumbu la Torati 14 inaagiza mtoaji ale fungu hilo mbele za Bwana pamoja na watu wa nyumbani mwake, na kila mwaka wa tatu liachwe kwa ajili ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Aya hizo zilisomwa na ukumbi ukakaa kimya kabisa. Nadhani wengi walikuwa wakizisikia kwa mara ya kwanza. Safu ya shahidi ilikuwa na utajiri ambao haukuguswa: Yustino anaeleza kwamba mwenye uwezo hutoa anachokusudia mwenyewe, na kinachokusanywa huwafikia yatima, wajane, wagonjwa na wafungwa, na katika safu ya uamuzi ungeandikwa Mtaguso wa Mâcon wa mwaka 585, uliodai zaka na kumtishia kutengwa asiyetoa. Kati ya pale na hapo kuna karne nne zinazosubiri kuelezwa. Mzee wetu Mwislamu alijaribu kuuliza kwa nini zaka ya kwao ni mbili na nusu kwa mia na ya Wakristo ni kumi ilhali neno ni moja, swali zuri la lugha na la historia, lakini muda ulikuwa umekwisha na mwezeshaji akamwomba radhi. Siwezi kuacha kuona kwamba mada ambayo ingewaudhi viongozi wa makanisa yanayowapa waandaaji ukumbi na watu ndiyo iliyokosa muda. Huenda ni bahati mbaya tu na TANESCO wabebe lawama, lakini ratiba ilichapwa kabla umeme haujakatika.

Anayetaka kwenda kushinda asiende, maana atachoka. Anayetaka mwongozo wa kiroho pia atatoka na njaa, kwa sababu darasa haliombi wala halitubishi mtu, isipokuwa sala fupi ya kufungua, ambayo nayo ilikuwa na kituko chake: wengine waliitikia "Bwana Yesu asifiwe", wengine wakisubiri "Tumsifu Yesu Kristo", hadi jioni ya tatu tukakubaliana kutumia zote mbili. Kwa mwalimu wa dini shuleni, katekista, mzee wa kanisa, au mtu yeyote aliyechoka kuulizwa kazini "imeandikwa wapi" asijue aanzie wapi, ada hii ni nafuu. Uende na Biblia mbili, moja ya Union na moja yenye vitabu vya Deuterokanoni, yaani vile vya kundi la Makabayo, na uchukue mto mdogo wa kukalia.

Awamu nyingine inaanza mwezi ujao kwa ada ileile. Nimewauliza kama naweza kujiandikisha kwa jioni ya sita peke yake, wakasema naweza, kwa shilingi 5,000. Nimekwisha kulipa, na nimewapa kwa maandishi ombi la kutenganisha zaka na unyakuo.